Nguvu za Wazee Zaweza Kurudi: Somo Juu ya Misuli na Mishipa ya Fahamu



Somo letu la mwezi huu linahusu kila boma hapa Olbalbal. Tutajifunza kwa nini mtu akizeeka nguvu humpungukia, na kwa nini nguvu hizo zaweza kurudi kwa sehemu kubwa, hata kwa mtu wa miaka 80 au 90, akizitafuta kwa utaratibu. Somo ni la wazee wenyewe, lakini ni la watoto na wakwe zao vile vile, maana mara nyingi wao ndio wanaoamua kama mzee ataendelea kusimama au atakalishwa.

Tunayo desturi njema ya kuwaheshimu wazee. Koko akishika dumu la maji, mkwe wake humwambia, "Acha, yeyo, mimi nitabeba." Babu akiinuka kwenda kuwatazama ndama, mjukuu humtangulia mbio. Kiti huletwa chini ya mgunga, na mzee huambiwa apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Upendo huo ni wa kweli. Lakini mwili una sheria yake, nayo haibadiliki kwa sababu ya upendo: kiungo kisichotumika hudhoofika. Baada ya mwaka mmoja au miwili yule koko hawezi tena kuinuka mpaka ashikwe mikono yote miwili. Usiku anataka kutoka nje, hataki kumwamsha mtu, naye anaanguka.

Tunajua kuanguka kwa mzee maana yake nini huku kwetu. Gari likipatikana, lazima lipande milima mpaka ukingo wa kreta na kuteremka upande wa pili ndipo lifike hospitali ya Kilutheri Karatu. Ikiwa mfupa wa nyonga umevunjika, huenda safari ikaendelea mpaka KCMC, Moshi. Wazee wengi waliovunjika nyonga hawatembei tena kama zamani, na wengine hawakai muda mrefu duniani. Basi yafaa tujue mambo haya mapema, kabla ya kuanguka.

1. MISULI HUPOKEA AMRI

Misuli imefanywa kwa nyuzi nyembamba sana, maelfu kwa maelfu, zilizolala pamoja kama nyuzi za kamba ya katani. Uzi wa msuli haujikunji wenyewe kwa hiari yake, husubiri amri. Amri huanza katika ubongo, hushuka ndani ya uti wa mgongo, na hapo hupokewa na chembe ya fahamu yenye mkia mrefu. Mkia huo ndio mshipa wa fahamu, au neva kama wengine wasemavyo. Ukifika kwenye msuli hugawanyika matawi mengi, na kila tawi hushika uzi mmoja. Katika misuli mikubwa ya mguu chembe moja yaweza kuamuru mamia ya nyuzi, hata zaidi ya elfu.

Chembe moja ya fahamu pamoja na nyuzi zake zote ni kikosi kimoja. Mtaalamu Mwingereza Charles Sherrington ndiye aliyekitambulisha kikosi hicho kwa jina lake la kitaalamu mwaka 1925, na mwaka 1932 alipewa tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake juu ya chembe za fahamu.

Tuchukue mfano wa shule. Msuli ni shule yenye wanafunzi wengi. Wanafunzi wamegawanywa katika makundi, na kila kundi lina kiranja wake. Wanafunzi ni nyuzi za msuli, na kiranja ni chembe ya fahamu. Kiranja akiita, kundi lake lote huinuka pamoja. Hapana hata mmoja anayebaki amekaa. Ukiinua kikombe cha chai, viranja wachache tu huita. Ukiinua dumu la lita 20, viranja wengi huita, na kila mmoja huita kwa haraka tena na tena.

Kwa hiyo nguvu ya mtu hutegemea mambo mawili. Jambo la kwanza ni wingi na unene wa nyuzi. Jambo la pili ni idadi ya viranja wanaoita na haraka ya wito wao. Watu wengi hulijua lile la kwanza tu. Wakimwona mtu mnene wa mikono husema ana nguvu. La pili halionekani kwa macho, lakini kwa mzee ndilo lenye habari njema, kama tutakavyoona.

Tena vikosi si vya namna moja. Viko vikosi vya uvumilivu, ambavyo hufanya kazi polepole kwa muda mrefu bila kuchoka. Hivyo ndivyo vinavyotusimamisha na kututembeza. Viko pia vikosi vya nguvu na mbio, ambavyo huchoka upesi lakini vina nguvu nyingi. Hivi vya pili huitwa tu mzigo ukiwa mzito, au haja ikiwa ya ghafula, kama mguu unapojikwaa kwenye jiwe na mwili ukahitaji kujizuia usianguke. Tulishike jambo hili, tutalirudia.

2. UZEE HUFANYA NINI?

Tangu umri wa miaka 30 hivi mtu huanza kupoteza misuli kidogo kidogo, asilimia 3 mpaka 8 katika kila miaka 10, na baada ya miaka 60 upungufu huwa wa haraka zaidi. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliupa upungufu huo jina la sakopenia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama ya mwili.

Lakini kupungua kwa misuli ni nusu tu ya habari. Katika uti wa mgongo chembe nyingine za fahamu hufa kadiri miaka inavyopita. Turudi shuleni kwetu. Kiranja mmoja amekufa, na wanafunzi wake wamebaki bila mtu wa kuwaita. Kiranja wa kundi la jirani hunyosha mkono na kuwachukua baadhi yao. Wale wasiochukuliwa na mtu hukonda na kupotea, na mahali pao huingia mafuta na nyama ngumu isiyo na kazi. Vikosi vya nguvu na mbio ndivyo vinavyoathirika zaidi.

Asiyeamini kwamba msuli hutegemea mshipa wa fahamu na awakumbuke watu waliougua polio. Ugonjwa ule hauli misuli. Hushambulia chembe za fahamu ndani ya uti wa mgongo, na mguu uliokosa amri hukonda mpaka ukabaki kama fimbo. Wale waliopata nafuu kwa sehemu walisaidiwa na jambo hilo hilo tulilolisema: chembe zilizobaki zilitoa matawi mapya na kuzichukua nyuzi zilizoachwa.

Basi mzee hubaki na viranja wachache, kila mmoja akiwa na kundi kubwa kuliko zamani. Wito wao huwa wa polepole. Ndiyo maana nguvu hupungua upesi kuliko unene wa misuli. Paja la mzee laweza kuonekana bado lina nyama, lakini kuinuka kwake ni kwa taabu, na akijikwaa mguu huchelewa kufika mahali pa kumsaidia.

Juu ya hayo, kukaa bure huongeza hasara. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya watu wenye afya, wa umri wa miaka 67 kwa wastani, waliokubali kulala kitandani siku 10. Kwa siku hizo 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu, na nguvu za magoti yao zilishuka pia. Hawakuwa wagonjwa. Walilala tu. Tujiulize basi hali ya mzee aliyekalishwa kitini miaka miwili.

3. WALIOPIMA WALIONA NINI?

Zamani hata waganga wengi walidhani mzee asinyanyue kitu kizito. Walisema mwili wake hauwezi tena kujenga. Mawazo hayo yalibadilika kwa kupima, na vipimo vyenyewe ni hivi.

(a) Mwaka 1980 Toshio Moritani na Herbert deVries walitangaza habari za wazee wanaume wa miaka 70 kwa wastani waliofanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka vizuri, ingawa misuli yao haikunenepa sana. Maelezo yao yalikuwa kwamba mishipa ya fahamu imejifunza upya kuiamuru misuli ile ile.

(b) Mwaka 1988 Walter Frontera na wenzake walieleza habari za wanaume 12 wa miaka 60 mpaka 72. Hawa walinyanyua mizigo mizito kweli kweli, karibu asilimia 80 ya upeo wa uwezo wao, kwa wiki 12. Nguvu za kunyosha goti ziliongezeka zaidi ya mara mbili, na misuli ya paja nayo ilinenepa, asilimia 11 hivi.

(c) Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walikwenda mbali zaidi. Katika makao ya wazee huko Boston walichukua watu 10 dhaifu, wa miaka 86 mpaka 96, wakawafanyisha mazoezi ya miguu kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka kwa asilimia 174 kwa wastani, yaani karibu mara tatu ya walivyoanza. Wawili kati yao waliacha fimbo zao za kutembelea.

(d) Mwaka 1994 daktari huyo huyo alitangaza uchunguzi wa watu 100 wa makao ya wazee, wa umri wa miaka 87 kwa wastani. Waliofanya mazoezi kwa wiki 10 waliongeza nguvu kwa asilimia 113, na uwezo wao wa kupanda ngazi kwa asilimia 28. Waliopewa chakula cha nyongeza tu, bila mazoezi, hawakupata nguvu.

(e) Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, walieleza habari za wanaume wa miaka 72 kwa wastani waliofanya mazoezi mazito mara 3 kwa wiki kwa wiki 16. Walitoa kipande kidogo cha nyama ya paja na kukichunguza. Waliona dalili kwamba mahali pale mshipa wa fahamu unapoungana na uzi wa msuli pameimarika.

Sasa tutazame kwa makini ile hesabu ya 1990. Nguvu ziliongezeka kwa asilimia 174, lakini unene wa misuli ya paja uliongezeka kwa asilimia 9 tu. Nguvu nyingine zimetoka wapi? Sehemu kubwa imetoka kwa viranja. Viranja waliokuwa wamesinzia waliamka, wakaanza kuita pamoja na kwa haraka. Kwa hiyo katika wiki za kwanza mzee atapata nguvu kabla hajaona badiliko lo lote katika mkono au paja lake. Asikate tamaa akijitazama na kuona bado ni mwembamba.

Tuseme kweli yote, tusidanganyane. Chembe ya fahamu iliyokwisha kufa haifufuki kwa mazoezi. Mazoezi hayamrudishi mzee wa miaka 80 kuwa kijana wa miaka 20. Yanayofanya ni kuzitumia vema chembe zilizobaki, kuimarisha maungano yake na misuli, na kuzinenepesha nyuzi zilizokonda. Tena faida hii hutunzwa kwa kuendelea. Wale wazee wa Boston walipoacha mazoezi kwa wiki chache, nguvu zilianza kupungua tena.

4. "LAKINI SISI TUNATEMBEA SANA"

Hapa baadhi ya wasomaji watasema, "Hayo ni ya Wazungu wanaokaa ndani. Sisi huku tunatembea." Neno hilo lina ukweli. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Julia Mbalilaki juu ya Watanzania 985, na 130 kati yao walikuwa Wamasai. Wamasai walionekana kutumia kwa siku kilokalori 2,565 zaidi ya zile mwili unazohitaji ukiwa umetulia. Wenzao wa vijijini wasio Wamasai walitumia 1,500 hivi, na wa mjini 891. Hiyo ni faida kubwa kwa moyo na mishipa ya damu.

Lakini kumbukeni vile vikosi viwili. Kutembea kwenye tambarare ni kazi ya vikosi vya uvumilivu. Vikosi vya nguvu na mbio, vile vinavyokufa kwanza, haviitwi kwa mwendo huo. Huitwa kwa kupanda kilima, kuinua dumu, kupasua kuni, kuinuka kutoka chini. Kwa hiyo mtu aweza kutembea kilomita nyingi kila siku, na bado akashindwa kuinuka kigodani.

Jirani zetu Wahadza wa Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, wanatufundisha jambo. Mwaka 1989 mtaalamu Kristen Hawkes na wenzake waliandika juu ya bibi wa Kihadza waliokwisha pita umri wa kuzaa. Bibi hao walikuwa wakichimba mizizi ya chakula katika ardhi ngumu kwa bidii kubwa, na walitumia muda mwingi katika kazi hiyo kuliko wanawake vijana. Kisha mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walieleza kwamba Wahadza hupumzika karibu saa 10 kwa siku, karibu sawa na watu wa nchi zenye viwanda. Tofauti ni namna ya kupumzika. Sehemu ya muda huo Wahadza huchuchumaa au kupiga magoti, na katika hali hiyo misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo. Anayekaa katika kiti chenye mgongo huilaza kabisa.

Wazee wetu nao walichuchumaa na kukalia vigoda vya chini. Kila kuinuka kulikuwa zoezi. Kiti kirefu cha plastiki ni kizuri kwa mgeni, lakini kisimwondolee mzee kila sababu ya kukunja magoti yake.

5. MAZOEZI YENYEWE

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika maagizo yake ya mwaka 2020, linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki, na mazoezi ya nguvu pamoja na kusimama imara siku 3 au zaidi, ili kuzuia kuanguka. Haya yafuatayo hayahitaji chombo cha kununua.

Zoezi la kwanza: kuinuka na kukaa. Kaa kwenye benchi au kigoda imara kilichoegemezwa ukutani. Kunja mikono kifuani. Inuka mpaka usimame wima, kisha kaa polepole ukihesabu mpaka 3. Usijitupe. Fanya mara 8 mpaka 12. Asiyeweza na asaidie kwa mikono kwanza, au atumie kiti kirefu zaidi, na kila wiki apunguze msaada.

Zoezi la pili: kuinua visigino. Simama ukishika nguzo ya nyumba. Inua visigino vyote viwili, simama kwa vidole, shuka polepole. Mara 8 mpaka 12.

Zoezi la tatu: kusukuma ukuta. Weka viganja ukutani usawa wa kifua, rudisha miguu nyuma hatua moja, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, kisha jisukume nyuma. Mara 8 mpaka 12.

Zoezi la nne: kuinua dumu dogo. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo dumu ni mizani tosha. Anza na lita 2 katika dumu la lita 5. Linyanyue kutoka kiti kifupi mpaka kiunoni ukikunja magoti, mgongo ukiwa umenyoka. Ukizoea ongeza nusu lita.

Zoezi la tano: mguu mmoja. Shika nguzo, inua mguu mmoja kidogo, hesabu mpaka 10, badilisha. Ukiwa imara shika kwa kidole kimoja tu.

Kanuni za kufuata ni hizi nne. Moja, mzigo uwe mzito kiasi kwamba mara 2 au 3 za mwisho ni za taabu. Mzigo mwepesi hauwaamshi viranja waliosinzia. Mbili, ukiweza mara 12 bila taabu, ongeza uzito kidogo. Tatu, fanya siku 3 kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na upumzike siku iliyo katikati, maana misuli hujengwa wakati wa kupumzika. Nne, usibane pumzi. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha, kwa sababu kubana pumzi hupandisha presha ya damu.

Ukitaka kujipima, kaa kwenye kiti chenye kimo cha sentimita 43 hivi, mikono kifuani, na mtu mwenye saa akuhesabie umeinuka mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa mtu wa miaka 70 mpaka 74, mwanamume asiyefika mara 12 na mwanamke asiyefika mara 10 wamo katika hatari zaidi ya kuanguka. Andika hesabu yako, upime tena baada ya wiki 8.

6. CHAKULA

Msuli haujengwi kwa hewa. Mzee anayefanya mazoezi ahitaji protini, kama gramu 1 au zaidi kidogo kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 50 basi ahitaji gramu 50 mpaka 60. Lita 1 ya maziwa ina gramu 33 hivi, na yai moja gramu 6. Maharage, nyama na samaki husaidia. Katika nyumba nyingi mzee hupewa uji mtupu au chai na ugali kidogo kwa kuwa meno yamekwisha. Mpeni maziwa, na maharage yaliyopondwa, na nyama iliyopikwa ikalainika. Lakini tusisahau somo la mwaka 1994: chakula bila kazi hakikuleta nguvu.

7. TAHADHARI

Mwenye presha ya damu isiyotulia, mwenye maumivu ya kifua, aliyevunjika mfupa karibuni, au mwenye ngiri, aende kwanza zahanati aulize. Ukisikia kizunguzungu, kifua kubana, au maumivu makali ndani ya kiungo, acha mara moja. Maumivu ya misuli siku ya pili baada ya kuanza ni ya kawaida, nayo hupita. Mzee aliye dhaifu sana asianze peke yake. Awe na mtu wa kusimama karibu, mikono tayari.

8. KUMHESHIMU MZEE

Amri ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Je, heshima ni kumwondolea mzee kila kazi? Tusome Kutoka sura ya 17. Musa alipochoka kuinua mikono wakati wa vita, Haruni na Huri walimletea jiwe akalie, wakaisimamisha mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likatua. Walimsaidia, lakini kazi ilibaki kuwa yake. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa mikono ya Musa. Tusome pia Yoshua sura ya 14, habari za Kalebu, ambaye akiwa na miaka 85 hakuomba mahali pa kupumzikia. Aliomba nchi ya milima.

Basi mkwe asimnyang'anye koko dumu. Ampe dumu dogo, naye abebe kubwa, waende pamoja. Mjukuu asimtangulie babu kwa ndama. Atembee kando yake. Mzee akitaka kuinuka, tumngojee. Dakika moja ya kungojea ni bora kuliko mkono unaomvuta.

Wakubwa wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Njia ile bado ni njema. Umoja wa Akina Mama waweza kutenga dakika 20 baada ya mkutano wao, na wazee wanaume baada ya ibada, mabenchi yakiwa tayari. Mtu akifanya mazoezi na wenzake haachi upesi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mzee aweza kupata nguvu kabla misuli yake haijanenepa?
2. Ni vikosi gani vinavyomzuia mtu asianguke akijikwaa, navyo huamshwa kwa kazi ya namna gani?
3. Katika boma lako, ni kazi zipi mzee ameondolewa ambazo angeweza kurudishiwa kwa kiasi?
4. Soma Yoshua 14. Kalebu alikuwa amefanya nini katika miaka ile yote iliyotangulia?

SALA

Ee Mungu uliyetuumba, ulinde wazee wetu wanapoinuka na wanapolala. Uwape ujasiri wa kuanza, na utupe sisi subira ya kuwangojea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.